Wanataniana Tu? Mwongozo kwa Mlezi wa Mtoto Anayeonewa Shuleni

Mtoto wa darasa la tatu au la nne akirudi nyumbani Kivinje, Somanga au Mchinga na kusema wenzake wanamwita jina asilolipenda, jibu atakalopewa na watu wazima wengi ni moja: "Hao wanakutania tu. Watanie na wewe." Mtoto ananyamaza. Kesho hasemi tena, na mlezi anaamini jambo limekwisha. Maneno haya nayaelekeza kwako wewe mama, baba, bibi au shangazi unayeishi na mtoto wa shule ya msingi katika pwani hii ya Kilwa na Lindi. Unahitaji kujua lini ucheke naye, lini uinuke uende shuleni, na ukifika huko useme nini.

Naanza na utani kwa sababu huku kwetu ndio kificho kikubwa cha uonevu. Sisi ni watu wa utani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na kumgombeza kwamba tangu juzi hajaleta kitoweo. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi hukashifiana mbele za watu na hakuna anayenuna. Msibani watani ndio wanaozuia jeneza mpaka wapewe chochote, na ndio wanaoigiza mwendo wa marehemu hata wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mgeni akitutazama anaweza kudhani hatuna mipaka. Tunayo, na kila aliyekulia huku anaijua hata kama hajawahi kuitaja.

Utani huenda na kurudi. Anayetania leo hutaniwa kesho, na hana ruhusa ya kukasirika. Watani hujulikana pia. Mtu hajizulii utani na yeyote anayemkuta barabarani. Kisha kuna wajibu, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Yule yule aliyezuia jeneza ndiye aliyeshika jembe la kuchimba kaburi na ndiye aliyechota maji. Anayekukejeli ukiwa mzima ndiye anayekuja kukuuguza.

Sasa zipeleke kanuni hizo shuleni. Mtoto anaitwa "Kikojozi" na nusu ya darasa. Je, naye anaweza kuwaita wao jina la namna hiyo, wakacheka, yakaisha? Wanaomwita hivyo, siku akiumwa hata mmoja atamchukulia daftari? Akisema "basi, sitaki," wanaacha? Ukipata hapana kwa yote matatu, hapo hakuna mtani. Kuna mtoto mmoja anaumia na wenzake wanaofurahia kumwona akiumia.

Mtafiti wa Norway, Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza jambo hili katika miaka ya 1970, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Yeye aliutambua uonevu kwa alama tatu: unafanywa kwa kusudi, unarudiwarudiwa, na anayeufanya ana nguvu kumzidi anayefanyiwa. Nguvu hiyo si lazima iwe ya misuli. Umri ni nguvu, cheo cha kiranja ni nguvu, kuwa na kundi nyuma yako ni nguvu. Watoto wawili wa kimo kimoja wakikunjana mashati kwa sababu ya mpira wamegombana. Waamue, wapeane mikono, uendelee na shughuli zako. Ila watatu wa darasa la sita wakimngoja mmoja wa darasa la pili kila Ijumaa, usiuite ugomvi, na usiwaambie wapeane mikono. Ukifanya hivyo umemwambia mdogo kwamba naye ana kosa.

Na usidhani mtoto wako ana kasoro ya pekee inayowavuta waonevu. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa ripoti ikionyesha kwamba duniani karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa walau mara moja katika mwezi uliotangulia.

Wapi na lini

Darasani kuna mwalimu, kwa hiyo mengi hutokea pasipo na mwalimu: chooni, kwenye foleni ya maji, wakati wa kufanya usafi wa namba asubuhi, njiani kwenda chuo cha Qurani alasiri, na zaidi ya kote, njia ya kurudi nyumbani. "Tutaonana njiani" ni kitisho kinachoweza kumharibia mtoto masomo ya siku nzima. Kinatolewa saa mbili asubuhi, na mpaka kengele ya mwisho ilie hajasikia chochote alichofundishwa. Vijiji vyetu vingi vimejipanga kando ya barabara kuu au vimeingia ndani kwenye mikorosho na minazi, na mtoto hutembea mwendo mrefu bila kukutana na mtu mzima. Ukitaka kujua hali ya mwanao, ijue kwanza njia yake: anapita wapi, na nani, na ni kipande gani siku hizi anakizunguka ingawa ndicho cha mkato.

Huko njiani kuna mchezo mmoja ambao wengi wetu tuliuona, na wengine tuliuchezesha. Wakubwa wanawashika wadogo wawili wasio na ugomvi wowote. Wanakusanya vichuguu viwili vya mchanga. "Hili titi la mama yako, hili la mama yake. Haya, nani mwanamume avunje la mwenzake?" Mmoja anasukumwa mgongoni, mguu unagusa mchanga, na hapo hapo wanapigana huku kundi likishangilia. Jioni wazazi wa wale wawili wanaitana, na waliojenga vichuguu wapo kwao wanakula. Ukiletewa kesi ya watoto wadogo waliopigana, swali lako la kwanza liwe hili: nani alikuwa amesimama pembeni?

Ndani ya shule, mwangalie kiranja. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa mengi yamejaa, na mwalimu mwenye watoto wengi humwachia kiranja kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Karatasi ile ina mamlaka makubwa. Asiyempa kiranja kipande cha muhogo wakati wa mapumziko jina lake linaingia, aliyempa linafutwa, na mwalimu akirudi anaadhibu kwa kuisoma orodha. Shilingi mia mbili za barafu au za bagia huishia huko huko. Mtoto anayerudi kila siku na njaa kali ilhali ulimpa hela ya kula huenda analipa kodi.

Wasichana hupigana kidogo, ila hutengana kwa ukali. Mmoja anaweza kuambiwa na kundi zima kwamba haruhusiwi kucheza rede, na kila anayeongea naye atafukuzwa pia. Hakuna kovu la kumwonyesha mwalimu, na ndiyo maana hupuuzwa. Kwa mtoto wa miaka tisa, wiki mbili za kutosemeshwa na mtu ni adhabu nzito kuliko kofi.

Ipo pia misimu. Likizo za Juni na Desemba ni za jando na unyago, na shule zikifunguliwa kunakuwa na waliotoka na wasiokwenda. Asiyekwenda, kwa sababu ya hela, dini ya kwao au uamuzi wa wazazi, huitwa msungo mpaka achoke, na wavulana huambiwa maneno ya mwilini ambayo hawawezi kuyarudia mbele ya mama. Kama mwanao yuko katika hali hiyo, mwandae kabla shule hazijafunguliwa kwa jibu fupi la kusema bila kutetemeka: "Kwetu tumepanga baadaye." Kama wako ndiye aliyetoka jandoni, mwambie waziwazi kwamba utu uzima aliofundishwa kule ndio unaomkataza kumcheka mdogo wake. Makungwi na mangariba mnaosoma hapa, hili mnaweza kulisema kwa uzito kuliko sisi sote.

Mengine watoto wanayachukua barazani kwetu. Tangu wafugaji wahamishwe Ihefu na Usangu miaka ya 2006 na 2007 na wengi wao kufika wilaya za Kilwa na Lindi, kumekuwa na ugomvi wa ng'ombe na mashamba, na watoto wao wanakaa dawati moja na wetu. Mtoto anayeitwa Mang'ati kwa kejeli, akizibiwa pua, akicheza peke yake nyuma ya darasa, anabeba kesi ya shamba la ufuta ambalo hakulilisha yeye. Vivyo hivyo wale wa familia zilizohamishwa na mafuriko ya Januari 2020 huku Kilwa, wakaingia shule ngeni bila sare. Mtoto mwenye ualbino, anayechechemea, asiyesikia vizuri, au anayenuka shombo kwa sababu alfajiri alisaidia kupara samaki, wote hao wako mstari wa mbele. Tukiacha kuwataja watu kwa majina hayo tunapokula jioni, tumeshapunguza kazi nusu.

Kumsikiliza

Dalili utaziona ukizitazama: tumbo la asubuhi linalopona saa nne, madaftari yanayopotea, shati lililochanika mara ya pili, kukojoa kitandani kwa mtoto aliyeacha zamani, hasira kwa wadogo zake, kutaka kwenda shule mapema mno au kuchelewa kwa makusudi. Moja peke yake haisemi kitu. Zikija mbili tatu pamoja kwa wiki kadhaa, uliza.

Namna ya kuuliza ina uzito. "Nani kakupiga?" ikitolewa kwa sauti ya juu mbele ya wageni inaleta jibu moja tu, "Hakuna." Mkalishe kwenye kazi ya mikono, akukunie nazi au mchambue kisamvu, ambako mtu huongea bila kutazamwa usoni. Uliza vitu vidogo vyenye mahali na watu. Mapumziko leo ulikaa wapi? Kwenye rede ulikuwa upande wa nani? Umerudi na nani?

"Nimerudi peke yangu, bibi."

"Wenzio je?"

"Wamepita kule kisimani."

"Na wewe ukapita wapi?"

"Nimezungukia shamba la babu."

Hapo usirukie jina. Endelea kukuna nazi, subiri. Akianza kusema, mwache amalize hata kama damu inakuchemka. Neno lako la kwanza liwe kwamba amefanya vizuri kukwambia. Usimuulize "na wewe ulimfanya nini," hata kama unalo shaka hilo, litakuja baadaye. Usimwahidi siri pia. Mwambie kweli: "Hili nitamwambia mwalimu wako, lakini kwanza mimi na wewe tutapanga nitasemaje." Mtoto anaogopa zaidi kuitwa mbele ya mstari na kuambiwa aonyeshe waliomwonea kwa kidole. Mhakikishie hutaruhusu hilo.

Wapo wazazi ambao hawapo nyumbani kwa miezi. Baba yuko dago, kambini na wavuvi wenzake, au nyumba nzima imehamia shambani msimu wa korosho na mtoto amebaki na bibi au na dada wa darasa la saba. Kabla ya kuondoka, mtajie mtoto kwa jina mtu mzima mmoja wa kumwambia likitokea jambo, na mtu huyo ajue amekabidhiwa. Dada wa miaka kumi na tatu asiachiwe mzigo huo peke yake.

Ushauri wa kuacha, na wa kuchukua

"Mpige na wewe, mwanamume halii." Naujua ushauri huu unavyotolewa kwa mapenzi. Lakini tazama unakofika. Anayeonewa ameonewa kwa sababu ni dhaifu kuliko mwenzake. Akirusha ngumi atapigwa mara mbili. Akibahatika kushinda, mwalimu wa zamu atamkuta yeye ndiye aliye juu, na ataadhibiwa yeye. Na akishindwa kwa yule mkubwa, atamtafuta aliye mdogo kuliko yeye ajifariji.

Kumfuata mama wa mwenzake kisimani au sokoni pia acha. Mtagombana watu wazima wawili, na watoto wenu watarithi.

Nenda shuleni. Usiende asubuhi watoto wakiwa mstarini, wala usiingie darasani. Mtafute mwalimu wa darasa saa ambayo hana kipindi. Nenda na maelezo yaliyoandikwa, hata kama ni mistari minne kwenye karatasi ya daftari: siku gani, wapi, nani walikuwepo, kilifanyika nini. Sema hivi: "Mwalimu, shikamoo. Sijaja kumshitaki mtoto wa mtu. Nina jambo limejirudia mara kadhaa, naomba tulitazame pamoja." Kisha omba mambo ambayo utaweza kuyafuatilia: nani atakuwa na jicho kwenye kona ile, mwanao ahamie dawati gani, nani atatoka naye getini, na wewe urudi siku gani kupata jibu. Siku hiyo rudi kweli. Mzazi asiyerudi hufundisha shule kwamba malalamiko hufa yenyewe.

Usiombe mtoto wa mwenzio achapwe. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa 2002, zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe kwa kosa kubwa na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Hata kanuni hizo zikifuatwa, mimi siamini viboko vinatibu uonevu. Aliyechapwa kwa ajili ya mwanao anajua ni nani aliyemsemea, na njia ya kurudi nyumbani bado ni ile ile. Zaidi ya hapo anafundishwa kwamba mwenye nguvu ana haki ya kumpiga asiye nazo, na hilo alikuwa analijua tayari.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni watazamaji. Watafiti wa Canada walirekodi watoto katika viwanja vya shule za msingi za Toronto, na katika matokeo yaliyochapishwa 2001 wakaona kwamba mwenzao alipoingilia kati, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Finland wamejenga juu ya wazo hilo mpango mzima wa shule unaoitwa KiVa. Hapa kwetu halihitaji mradi. Mtafutie mwanao watoto wawili wa njia moja, zungumza na wazazi wao, watembee pamoja. Wafundishe neno la kusema na kitendo cha kufanya: kumshika mkono anayeonewa na kumwambia, "Twende, mwalimu anakuita." Hakuna kupigana wala kubishana, wanamtoa tu. Anayeonea akikosa wa kumshangilia anabaki na mchezo usio na ladha.

Mwalimu, wewe nakuomba mambo machache. Badilisha kiranja kila mwezi, na usiadhibu kwa orodha ambayo hukushuhudia. Mwalimu wa zamu apite chooni na kisimani wakati wa mapumziko. Mahojiano na wanaodaiwa kuonea yafanywe mmoja mmoja, maana wakiwa kundi hutoa hadithi moja. Na ukisikia jina la kejeli darasani usilicheke, hata likiwa linachekesha. Siku mwalimu akilicheka limeshakuwa jina rasmi la yule mtoto mpaka darasa la saba.

Shule isipochukua hatua

Panda ngazi kwa utaratibu: mwalimu mkuu, kamati ya shule, afisa elimu kata, mtendaji wa kijiji au kata, afisa ustawi wa jamii. Uliza kama shule ina dawati la ulinzi na usalama wa mtoto. Hufanyi fitina. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke serikali ya mtaa au kijiji. Ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Mfundishe namba hiyo kama unavyomfundisha jina la babu yake.

Yapo mambo yasiyopitia ngazi hizo. Mtoto akijeruhiwa, akitishwa kwa silaha, akisema hataki kuishi, au akishikwashikwa sehemu za siri na yeyote, awe mwanafunzi mwenzake au mtu mzima, usisubiri kesho. Mwenye hali mbaya aanzie hospitali, fomu ya PF3 ya polisi itafuata. Kama ameingiliwa, usimwogeshe wala usifue nguo zake, na umfikishe hospitali ndani ya saa 72 kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazifai zikianza baada ya hapo. Ukifika polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Wazee wakija jioni kusema yamalizwe nyumbani kwa faini, waheshimu, wakaribishe chai, na ukatae.

Kama ni wako anayeonea

Siku nyingine atakayeitwa shuleni ni wewe. Usianze kwa kumtetea, na usimpige getini ili watu waone. Mkalishe umuulize yeye naye anafanyiwa nini, na nani, kwa sababu wengi huwafanyia wenzao shuleni wanachofanyiwa nyumbani au chuoni. Kisha mpe wajibu unaoonekana. Arudishe hela aliyochukua, aifanyie kazi kama hana: achote maji, auze mabibo. Aombe msamaha mbele ya wazazi wa pande zote mbili, mara moja, bila kundi. Na kwa wiki kadhaa arudi nyumbani kwa saa unayoijua na kwa njia unayoijua.

Kwa aliyeonewa kazi haiishi siku waliponyamaza. Uliza tena baada ya wiki, tena baada ya mwezi, kwa maswali yale yale madogo. Na Januari, shule zikifunguliwa, nenda upya. Mwanao ameingia darasa jingine lenye mwalimu mwingine, na aliyoyajua mwalimu wa mwaka jana huenda hayakuandikwa popote. Chukua ile karatasi yako yenye mistari minne, mkabidhi, na mweleze tangu mwanzo.